Nilimzuia Mama Asiende Zahanati

Nina miaka ishirini na mbili. Nimezaliwa juu kule Uporoto, Mbeya, kwenye viazi na baridi. Baba alifariki nikiwa mdogo sana, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu tu: mama, dada yangu Subi, na mimi Lusekelo. Jina hilo kwetu maana yake furaha, na kweli nilikuwa mtu wa kucheka... Nilikuwa, nasema.

Ndugu zangu mnaosoma haya, mimi nilipenda shule kupita kiasi. Nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni Iringa, na tulipofika kidato cha tatu tukaambiwa tuchague masomo. Wenzangu wakachukua saba, wengine nane. Mimi nikashindwa kuacha hata moja! Ningeachaje Fizikia na mimi nataka kurusha ndege? Ningeachaje Historia, Kemia, Kilimo, Maarifa ya Biblia? Nikaandika yote. Kumi na moja!

Mwalimu wa taaluma aliniita ofisini, akanitazama juu ya miwani.

"Lusekelo, wewe unaonja kila sufuria. Utatoka jikoni na njaa."

"Mwalimu, mimi tumbo langu kubwa," nikamwambia. Akacheka, akasaini.

Nikirudi likizo kijijini nilikuwa kama mfalme. Mzee kapata barua ya baraza la kata, ananiletea nimsomee. Jirani haelewi dawa ya ukungu wa viazi, ananiletea chupa. Mtu ameota ndoto mbaya, na yeye huyo anakuja! Nikijua, nilijibu. Nisipojua... nilijibu vilevile. Na mama alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu ndiye daktari wangu, ndiye wakili wangu, ndiye bwana shamba wangu." Basi kichwa kikazidi kuvimba.

Sasa sikilizeni.

Mwaka ule niko kidato cha nne, mama alishuka Madibira kuvuna mpunga. Watu wa kwetu wengi hufanya hivyo. Unamvunia mwenye shamba, anakulipa mpunga, unapanda nao mlimani. Alikaa kule wiki tatu. Alirudi siku mbili tu kabla sijafika likizo ya Juni. Nilimkuta amekonda, amepigwa na jua, lakini anacheka, anatupikia wali kila siku kana kwamba ni Krismasi.

Siku ya kumi hivi ya likizo akaamka anatetemeka. Kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma, meno yanagongana. Juni kule kwetu asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi, kila mtu anatetemeka, lakini dada Subi akasema hapana, hii ni homa, twende zahanati akapimwe malaria. Zahanati iko chini bondeni, mwendo wa saa moja. Mama akakubali. Akavaa viatu, akajifunga kitenge, akafika mlangoni.

Ni mimi niliyemzuia. Mimi, mtoto wake wa mwisho!

"Malaria huku?" nikasema. "Dada, haya tumesoma kwenye Jiografia. Mbu wa malaria hawezi kukaa mwinuko huu, na baridi hii! Mama kaingiwa na baridi tu."

"We Lusekelo, umekuwa daktari lini? Juzi tu nilikuwa nakufuta kamasi!"

Na mimi, mbele ya mama, nikamjibu dada yangu neno ambalo ningekuwa na uwezo ningelimeza leo. Nikamwambia, "Dada, wewe umeishia la saba. Haya niachie mimi."

Huyo dada aliacha shule ili amsaidie mama shambani, mimi nisome... Mama ndiye aliyetupatanisha. Alicheka, meno bado yanagongana. "Basi wanangu, msigombane. Daktari wangu kashasema." Akavua viatu, akarudi kitandani.

Nikampa panadol na chai ya tangawizi. Homa ikashuka! Nikamwangalia dada kwa macho ya ushindi. Kesho yake ikapanda tena, nikampa tena, ikashuka tena. Siku tatu hivyo. Kila dada akitaja zahanati, mama anasema, "Si unaona nimepata nafuu?" Lakini chakula hali, na macho yameanza kuwa ya njano. Niliyaona, jamani. Niliyaona nikajiambia ni uchovu.

Siku ya nne ikanibidi nirudi shule, sisi wa kidato cha nne tuliitwa mapema. Mama hakuweza kunisindikiza. Alinishika mkono, mkono wenyewe unawaka moto, akasema, "Nenda baba, kasome. Mimi ni baridi tu."

Maneno yangu mwenyewe ananirudishia!

Basi lilipofika Nyololo simu ikaita. Dada analia. "Lusekelo, mama hanijui. Ananiita jina la bibi. Wanaume wamembeba kwa machela, tumepata gari, tunampeleka hospitali mjini." Nikashuka na begi langu la madaftari, nikavuka barabara, nikasimama kungoja basi la kurudi Mbeya. Mama mmoja muuza viazi akaniuliza, "Mwanafunzi, una nini?" Mimi niliyekuwa na jibu la kila kitu nikashindwa hata kumwambia naumia wapi.

Nilifika hospitali jioni. Daktari alikuwa kijana mpole, na alituuliza swali moja dogo, ambalo bibi yeyote asiyejua kusoma angeliuliza.

"Mgonjwa alisafiri kwenda wapi siku za karibuni?"

"Madibira," dada akasema.

"Alirudi lini?"

"Kama wiki mbili zilizopita."

Daktari akashusha pumzi. Akasema malaria imeshapanda kichwani, mmechelewa sana, nani aliwaambia mngoje nyumbani?

Dada angeweza kunitaja. Alitazama chini. Nikasema mwenyewe, "Ni mimi."

Wasomaji wenzangu, nilikuwa naijua! Kwenye daftari la Baiolojia niliandika kwa mkono wangu, nikapigia mstari kwa wino mwekundu, kwamba vijidudu vya malaria vinaweza kukaa mwilini hata wiki mbili kabla homa haijaanza. Kwenye Jiografia nilichora bonde la Usangu, huko huko iliko Madibira, joto lake na maji yake. Na wali wa Madibira ulikuwa mdomoni mwangu kila siku! Lakini mambo hayo matatu hayakuwahi kukutana kichwani. Kila somo nililiweka kwenye daftari lake, nikalijibia mtihani wake, nikalifunga. Huko ndiko kusoma?

Mama alikufa kesho yake mchana. Hakunitambua.

Msibani wanawake walimuuliza dada mama aliumwa nini. Akasema homa. Basi, homa, hakuongeza neno. Afadhali angenipiga! Baada ya watu kuondoka, tumebaki wawili tu ndani, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alikuwa ameshakubali kwenda, Lusekelo." Tangu siku hiyo hajawahi kulisema tena, na mimi nalisikia kila siku.

Mtihani wa mwisho nilifanya. Kwenye Baiolojia likaja swali la malaria... Nililijibu lote, mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa, maana karatasi ilikuwa inalowa. Baiolojia nilipata B. Mengine karibu yote nilianguka, divisheni foo, daraja la mwisho la kufaulu. Hiyo B nimpelekee nani?

Leo nalima viazi na dada yangu. Watu bado wanaleta barua zao na chupa zao, na nikiwaambia sijui wanadhani naringa. Mwezi uliopita mtoto wa dada alichemka mwili. Dada alisimama na mtoto mikononi, akanitazama, akangoja. Nikamwambia, "Sijui, dada. Twende wakampime." Nilimbeba mimi njia nzima ya kushuka. Vipimo vikatoka, malaria hana. Dada akakaa kwenye benchi la zahanati, akalia kwa sauti mpaka watu wakadhani mtoto amefariki. Nilijua anamlilia nani.

Wadogo zangu mlioko shule, someni, hata kumi na moja kama kichwa kinabeba. Lakini mtu akiumwa nyumbani, daftari lako si kipimo, na dada aliyeishia la saba ana macho kama wewe. Nanyi wazazi mnaojivunia watoto wenu, jivunieni, ila msiwaachie roho zenu.

Na wewe ambaye sasa hivi una mama anatetemeka chumbani, usimalize hata kunisoma. Mpeleke! Mimi ilikuwa saa moja tu ya kutembea...