Mita Hamsini kutoka Majini

Ijumaa ni siku ya soko Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, na mtu mwenye haraka heri angebaki kwake Bwera. Yvette alikuwa amejifunga kitenge cha njano, kilemba kimesimama wima, anapanga samaki wa moshi kutoka upande wa Kongo. Mara akaona mwanaume mrefu, viatu viking'aa, amechutama mbele ya meza anampima samaki wake kwa futi ya fundi cherehani.

"Wee bwana! Unamushonea kanzu?"

Wauza nyanya wakaangua kicheko. Mwanaume akasimama, uso umemwiva kwa aibu. "Samahani, nyabo. Mimi niko wa mipango ya ufuo, Kasese. Tunataka kujua samaki iko kubwa namna gani."

"Sasa umejua. Nunua."

Akanunua wanne. Aliitwa Twinomujuni. Kazi yake ilikuwa kuchora, pamoja na wenzake wa Kongo, mpango mmoja wa ufuo wa Ziwa Edward: samaki wazalie wapi, mitumbwi itie nanga wapi, watu wajenge wapi. Ijumaa iliyofuata akarudi. Wanne wengine.

"Kwako munakula samaki tu?" Yvette akamuuliza.

"Niko peke yangu. Nagawia majirani."

Yvette akacheka mpaka kilemba kikalegea. Baada ya hapo simu hazikukatika. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, lakini sijashiba sauti yako." Mwanamke mzima, anatabasamu peke yake mbele ya samaki!

Mwezi wa pili Twinomujuni akavuka mpaka kumwona mama yake Yvette, Mama Anastasie, anayekausha samaki kwa tanuri tatu za udongo kando ya ziwa. Tanuri hizo ndizo zilizomlea Yvette. Mpango ulikuwa unakataza jengo lolote ndani ya mita hamsini kutoka majini, na mama alikuwa hapati usingizi. Twinomujuni akapima kutoka ukingo wa maji. Sitini na mbili.

"Mama, ulale," akasema. "Tanuri yako iko salama."

Mama akamchinjia kuku.

Basi fikiria moyo wa Yvette siku ramani ilipobandikwa ukumbini Bwera, akaziona tanuri tatu ndani ya mstari mwekundu. Simu ikalia mara kumi na moja. Hakupokea. Alikuwa amemleta mwenyewe mtu huyu nyumbani, akala kuku, akadanganya!

Kesho yake Twinomujuni akaja sokoni, macho mekundu.

"Toka mbele ya samaki yangu."

"Yvette, nisikie. Kwetu tulikuwa tunapima kutoka maji ya kiangazi. Kongo wanapima kutoka mahali maji ya mvua ilifika mwaka jana. Wakubwa wamekubali tufuate ya Kongo. Mimi nilipima ya kwetu, nikaapa kwa mama yako bila kuuliza."

"Ulijua lini?"

"Wiki mbili."

"Na ulinyamaza?"

"Niliogopa utaniacha."

Hilo lilimuuma, na pia lilimlainisha kidogo, akakasirika zaidi kwa kulainika.

"Ile ghuba yenu haina alama ya maji ya mvua, mstari tuliukadiria tu," akaendelea. "Kesho watauliza watu wa pale maji ilifika wapi. Ukisema haikufika karibu na tanuri, mstari unarudi kuelekea ziwa na tanuri inabaki. Sitakuambia la kusema."

Usiku kucha Yvette alijigeuza kitandani.

Ukumbini, ofisa wa Kongo akauliza: nani aliona maji ghubani mwaka jana? Yvette akasimama. Neno moja tu, na tanuri za mama zingebaki.

"Miye niliona," akasema. "Maji iliingia ndani ya tanuri, ikazima moto. Jirani yetu, nyumba yake ilienda yote. Mutu asijenge pale."

Mstari haukusogea. Akatoka nje akajiinamia ukutani, akalia bila kujali wapita njia.

"Nimebomoa tanuri ya mama na mudomo yangu."

Twinomujuni akamshika mkono. "Nimeomba ruhusa siku tatu. Siku mbili tutajenga tanuri mpya, juu zaidi, nje ya mstari. Rafiki yangu Kiiza ni fundi."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu wazee wangu wanavuka kuongea na mama yako. Ukikubali."

Yvette akamtazama sana. Kisha akapiga simu, akamweleza mama yote, la tanuri na la wazee. Akasikia mama anavuta pumzi.

"Mutoto wangu, maji ilifika. Ungesema uongo ningekuchapa." Kisha akauliza: "Na huyo bwana, anajua kubeba matofali?"

Yvette akaitazama mikono ile laini ya ofisini iliyoushika wake.

"Hajui, mama," akasema, anacheka na machozi. "Lakini miye nimemukubali. Atajifunza."