Wimbo wa Aslak Usioisha

Sogeeni hapa karibu na jiko. Zimeni redio, na anayetafuna mkate aumeze kwanza. Hii naisimulia kwa sauti ya chini, maana maporomoko hayako mbali na nyumba hii, na mwenyewe hapendi kutajwa.

Ilikuwa Novemba, saa tisa alasiri, giza limeshaanza kushuka huku kwetu Telemark, kaskazini ya dunia, ambako jua la Novemba huzama mapema. Nilibeba ndoo nikaenda kukamua mbuzi. Ghalani, mjukuu wangu Åsne na bendi yake walikuwa wanarekodi albamu mpya, ule muziki wao wa kienyeji waliouchanganya na mitambo mpaka unakulevya bila kunywa. Tarjei alipiga gitaa la umeme. Halvard alikaa kwenye mitambo. Åsne alishika fidla ya marehemu kaka yangu, Aslak.

Aslak alifundishwa wimbo mmoja na Yule wa Maporomoko, pepo anayeishi kwenye maji yale. Nilimwambia Åsne asubuhi ile ile, aliposema watauingiza kwenye albamu: wimbo ule mpigaji hawezi kuuacha mwenyewe. Zamani mtu alikaa kando yake na kisu, wakati ukifika anakata nyuzi. Aslak aliupiga peke yake. Tulimkuta siku ya tatu, amekufa, upinde wa fidla bado mkononi.

Åsne akanibusu shavuni, akasema basi, Tarjei atashika kisu. Tarjei akacheka, eti kuchinja amechinja kondoo tu, fidla bado.

Nilikuwa kwenye mbuzi wa pili niliposikia.

Ule wimbo...

Mbuzi akaacha kutafuna. Harufu ya mawe yaliyolowa ikajaa zizini, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Nilikimbia na magoti yangu haya haya mabovu. Tarjei amesimama, kisu mkononi, uso mweupe kama jibini. Nyuzi zote nne zimekatwa, zinaning'inia. Na Åsne, spika ndogo masikioni, macho wazi yasiyoona, bado anavuta upinde. Anausugua juu ya mbao tupu.

Krr... krr... krr...

Vidole vinatoka damu.

"Bibi, nimekata," Tarjei akanong'ona. "Nimekata zote."

Nikamuuliza Halvard kuna nini kwenye zile spika. Akasema ameurekodi mwanzo wa wimbo, akauunganisha uwe unajirudia masikioni mwa Åsne. Albamu ilitaka hivyo.

"Unaisha lini?"

"Hauishi, Bibi. Niliufanya usiishe."

Nikang'oa waya wa umeme. Mitambo ikazima.

Åsne bado anavuta.

Nikamshika kichwa. Spika ya kulia ikatoka. Ya kushoto ikagoma, kama kuna mtu anaivuta kutoka ndani. Nikavuta na mimi, kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Akaniangukia kifuani, anahema.

Fidla ikalala sakafuni. Fidla zetu zina nyuzi nyingine chini, ambazo upinde hauzigusi. Huitikia tu zile za juu zinapopigwa. Za juu zilikuwa zimeshakatwa.

Za chini zilikuwa zinaitikia...

Albamu ilitoka bila wimbo ule. Halvard alibaki na jina la bendi. Tarjei alibaki na kisu, na hakishiki. Fidla ilikabidhiwa kanisa, imefungiwa ndani ya sanduku la chuma. Åsne nimemwandikia shamba na mbuzi wote. Sikio lake la kushoto daktari anasema limekufa, halisikii kitu. Lakini akilala hulalia la kulia, lile lililokufa likabaki juu, na mguu wake hupiga mdundo chini ya blanketi.