Hodi Ndani ya Zege

Siku ile ilianza vizuri tu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Maji yamekupwa, watoto wanachezea mchanga ng'ambo ya kamba iliyozungushiwa ujenzi. Bahari ilikuwa imebomoa ukuta wa ufukwe wetu, na kaka yangu ndiye fundi mkuu wa kuujenga upya. Watu walimwita Kidole, kwa sababu kidole cha kati cha mkono wake wa kulia kililiwa na msumeno. Mimi niliwapikia mafundi.

Kaka alikuwa na desturi moja. Kabla ya kumwaga zege alibisha hodi kwenye kasha la mbao la kulimwagia, mara mbili, kisha moja, akatega sikio. Makasha yale yalimzidi mtu kimo, na vibarua walizoea kujilaza ndani wakikimbia jua. Hata nyumbani alibisha hivyo hivyo, tangu utotoni. Nilijua ni yeye kabla hajafungua mdomo.

Injinia akaja na miwani yake ya jua na maneno yake ya shombo.

"Wakubwa wanakuja kukagua, nyie bado mnabembeleza mbao? Maji yakijaa hamjamwaga, kila mtu akatafute kazi kwingine."

Kaka akabisha. Mbili. Moja.

Ndani kukajibu. Mbili. Moja.

Vibarua waliokuwa wakicheka wakarudi nyuma. Kaka akapanda ngazi, akachungulia. Nondo na mchanga tu. Akatutazama mmoja mmoja, sote tulikuwepo.

"Kaka, acha," nikamnong'oneza. "Ngoja kesho."

"Mkono mtupu haulambwi, mdogo wangu."

Jasho lilimtoka. Lakini hasira kwetu ni ya kurithi, akalipiga kasha teke. "Anayenichezea humu, nitamzika humu humu! Mwageni!"

Wakamwaga. Hodi iliendelea mpaka zege lilipofika juu.

Tangu hapo kaka akaanza kukohoa vumbi la kijivu. Mkono wake wa kulia ukawa wa baridi na mgumu. Nilimfokea aache kazi ile, akaniambia kwa sauti ya chini: "Ile hodi ilikuwa ya mkono wangu. Nilisikia pengo la kidole."

Siku ya kuvua mbao za kasha tulikuwepo wote, mchana kweupe. Ubao ulikwisha kuachana kidogo na ukuta, kaka akajipenyeza kiubavu katikati yake, alegeze misumari iliyobaki. Upande wa pili ulizibwa na mawe. Nyundo ikalia. Ikalia. Ikanyamaza.

"Kaka?"

Wakauvuta ubao. Nyundo ilikuwa chini. Yeye hakuwepo.

Nikapiga kelele wauvunje ukuta. Nikawapigia magoti, mimi nisiyempigia mtu magoti.

"Zege limekauka siku nyingi, mama," injinia akasema. "Mtu ataingiaje? Kakimbia kazi huyo."

Nilimrushia mwiko, ukampata usoni. Ningekuwa na sufuria mkononi ningemrushia sufuria. Lakini ukuta haukuvunjwa. Thubutu! Wakubwa walikata utepe, wakapiga makofi, na sasa watu wanauegemea wakila.

Pale alipoingilia kaka, ukuta umetokeza kiganja. Hakikuchongwa. Kimesukumwa kutoka ndani, vidole vinne, pengo katikati. Walikipiga plasta, kikatokeza tena. Juzi nimeona na kifundo cha mkono.

Hasira hasara, wanasema. Mwenye hasara ni mimi, ninayekwenda kila maji yakikupwa kumbishia hodi kaka yangu, watu wakinicheka. Siku zote hunijibu. Jana nilibisha, akajibu mbili, pole pole, kama mtu aliyechoka.

Ile moja niliingoja mpaka maji yakanifika kiunoni. Bado naingoja.