Kigelegele Kisicho cha Mtu

Kifinyazi, mashine ya kufinya sauti, kilimeza taarabu ya pwani nzima kabla ya adhana ya adhuhuri, na kilipomaliza kikatema punje moja ya kioo, ndogo kuliko chenga ya mchele. Daktari Hizza, aliyekiunda, aliishika kwa kikoleo na kuwainulia watu ukumbini. Ndani ya punje ile, alisema, zimo kanda zote ambazo wanachama wa Klabu ya Wasikivu wa Tanga walizificha makabatini tangu enzi za mababu zao, safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Watu wakasimama kupiga makofi.

Mwanakombo Shelukindo naye alipiga. Alikuwa mhandisi wa mitetemo kwenye reli ya sumaku, lakini hapo hakuja kwa uhandisi. Mama yake, Bi Tatu, alifariki yeye akiwa mchanga, na hakuacha sauti nyingine duniani ila kigelegele kimoja. Kwenye harusi moja ya Ngamiani, Bi Tatu alikwenda kumtunza mwimbaji kwa noti, akapiga kigelegele mdomo ukiwa karibu kabisa na maikrofoni, pumu ikamkata katikati, naye akacheka. Ndiyo hivyo tu. Kila Idi, kabla ya kuonja chochote, Mwanakombo aliisikiliza kanda ile. Ukungu ulikuwa umeanza kuila, na ndiyo sababu aliitoa, apate kuiokoa.

Ilipofika zamu yake ya kuchagua cha kusikiliza, akaomba harusi ya Ngamiani. Fidla zikatoka safi ajabu, mwimbaji akasikika kama yupo mlangoni. Kikafika kipande cha kutunza. Kigelegele kikapanda, kikatulia juu, kikashuka kwa madaha. Hakikukatika. Hakuna aliyecheka.

Akaomba kirudiwe. Kikawa vilevile. Akaomba harusi ya Pangani, kisha ya Unguja, bendi nyingine na miaka mingine kabisa. Kila mtu alipotunzwa, kilisikika kigelegele kilekile, hakipungui wala hakizidi.

"Daktari," aliita, "huyu ni nani?"

"Nani yupi, Bi Mwanakombo?"

"Huyu mama aliyealikwa kila harusi ya pwani hii."

Wachache wakacheka. Hizza akaeleza taratibu, kama mtu aliyezoea kuwaeleza mawaziri. Kifinyazi hakihifadhi sauti yenyewe, huhifadhi maelezo yake, kisha huiumba upya kila inapotakiwa. Sauti zinazofanana huwekwa kundi moja, hutafutiwa wastani, na wastani huo mmoja hutumika kila mahali. Bila hivyo, punje ingekuwa kubwa kama kabati.

"Mwimbaji hatukumgusa. Ala hatukuzigusa," alisema. "Tulichofupisha ni makelele ya ukumbini. Hakuna sikio litakalojua tofauti."

"Langu limejua. Makelele hayo ni mama yangu."

"Pole sana, dada. Lakini kigelegele ni kigelegele."

Mwanakombo alitamani kumzaba kibao. Akili nyingi huondoa maarifa, na huyu yake yalishaondoka bila kuaga. Akasogea hadi mbele, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Umewachukua wanawake wote waliowahi kufurahi mbele ya maikrofoni, ukawafanya mmoja. Na huyo mmoja hayupo. Hakuna aliyemzaa. Mimi sitaki punje yako. Nipe kanda yangu."

Kila mmoja ukumbini alijua kanda ziko wapi.

Wasikivu hawa wana ugonjwa wao. Msikivu wa kweli yuko radhi nyumba yake iungue kuliko jirani awe na nakala nzuri kuliko yake. Kwa hiyo, kabla ya kumpa Daktari makabati yao, walikula kiapo: punje ikitoka tu, kanda zote za asili zipitishwe kwenye sumaku zifutike, asije mtu kesho akajitapa kwamba wenzake wana kivuli na yeye anayo asili. Waliafiki kwa kauli moja, Mwanakombo akiwemo. Sumaku ilipita wakati wakipiga makofi.

"Wewe mwenyewe ulinyoosha mkono," Hizza alimkumbusha kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi.

Mwanakombo alikuwa amekumbuka Mombasa. Zamani, klabu ya kule iliwahi kubadilishana kanda na Tanga, na ya Ngamiani ilikuwamo. Watani wao wale walikuwa na kifinyazi chao, na kiapo kilekile, lakini kanda zao zilikuwa zifutwe kesho. Mwanakombo akatoka ukumbini mbio, akaigusa simupete kidoleni. Akaitika Bwana Shee, mwenyekiti wao.

"Bwana Shee, nakuomba kwa Mungu, msifute. Mashine inaongopa. Inawaua watu waliomo kwenye kanda. Wekeni sumaku mbali, nakuja sasa hivi kwa treni ya alasiri."

Upande wa pili kulikuwa na shangwe na vikombe vikigongana.

"Nyinyi Watanga mwatuona sisi wajinga?" Bwana Shee alisema, akicheka. "Twalijua mtatafuta hila ya kutuchelewesha, mpate kutangaza kuwa nyinyi ndio wa kwanza. Basi pole, bibi. Sisi tushafuta zote jana."