Bwawa la Wambeti Lapigwa Dawa

Kule juu ya Runyenjes, ukisema unachimba bwawa, watu watakuuliza utafuga samaki gani. Wambeti aliposema anachimba bwawa la kuogelea, walicheka hadi wakashika mbavu. Muuza parachichi na swimingi! Mumewe Oscar, ambaye ni fundi wa mawe, aliulizwa kama ng'ombe nao wataogelea.

Wacheke tu. Wambeti alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa na jina. Dada yake mdogo, Nelius, alizama katika bwawa la kunyunyizia mashamba wakati wote wawili walikuwa bado wasichana wa shule. Watu wazima walisimama ukingoni wakipiga mayowe. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Tangu siku hiyo watoto wa kijiji huambiwa neno moja tu: usikaribie maji. Wambeti alilichoka neno hilo. Alitaka binti yake Muthoni na watoto wa majirani wajue kuelea.

Shemeji yake Njeru, kaka mkubwa wa Oscar, hakuficha lake.

"Mama Muthoni, mtoto mmoja akiumia hapo, mimi naleta trekta nijaze hiyo shimo mchanga. Nimesema."

"Hataumia," Wambeti alimjibu. "Na trekta yako ikae kwako."

Oscar alipomaliza kupiga lipu, simiti ikaachwa ikauke vizuri. Kisha bwawa likasuguliwa na kujazwa maji safi. Wambeti alimwomba Kajuju aje kulikagua. Kajuju ni mwanamke wa Nkubu anayetunza bwawa la hoteli moja mjini Embu. Jumapili baada ya kanisa watoto wangeingia majini kwa mara ya kwanza, na majirani walikuwa wamealikwa.

Ijumaa Kajuju alipiga simu. Wambeti alikuwa sokoni na simu aliiacha nyumbani, kwa hiyo Njeru, aliyekuwa amepita pale, ndiye aliyeipokea.

"Mwambie maji yapigwe dawa kwanza," Kajuju alisema. "Mimi nitafika Jumapili asubuhi."

Sasa, mkulima wa kahawa ukimwambia apige dawa, anajua dawa moja. Njeru alienda stoo yake akachukua kopa, ile dawa ya buluu ya kuzuia magonjwa ya kahawa. Akaikoroga kwa ndoo, akaimwaga yote bwawani. Kwa mara ya kwanza alikuwa amelisaidia bwawa lile, na moyoni alijisikia vizuri. Wambeti alimwambia tu kwamba dawa imeshapigwa kama Kajuju alivyoagiza.

Jumapili asubuhi maji yalikuwa ya buluu kabisa. Wageni walijaa uani. Watoto walikuwa tayari wamevaa kaptura, wakirukaruka.

"Si mnaona?" Njeru alisema kwa fahari. "Buluu kama ya televisheni!"

Kajuju alifika, akachungulia. Hakuona sakafu ya bwawa. "Nani ametia nini hapa?" aliuliza.

"Dawa. Si wewe ulisema? Nimetia kopa."

"Ai, mzee! Kopa ya kahawa?" Kajuju alishika kichwa. "Kosa ni langu pia, ningetaja jina la dawa. Nilimaanisha klorini. Hiyo ndiyo inaua vijidudu vya kuhara. Kopa ya shamba itachoma macho ya watoto, na wakiimeza wataugua."

"Lakini maji ni buluu!"

"Rangi haisemi kitu, mzee. Maji hupimwa."

Njeru alikasirika. Kuambiwa amekosea mbele ya majirani kulimchoma. "Mimi nimeshika hiyo kopa kwa mikono miaka yote, na niko hapa! Watoto, ingieni! Mkitoka mtaoga."

Wambeti alitangulia kwenye mlango wa uzio uliozunguka bwawa. Akaufunga kwa kufuli, akaweka ufunguo ndani ya blauzi, akasimama pale pale.

"Hakuna mtu anaingia."

"Mama Muthoni, unatuaibisha. Wageni wamekuja!"

"Wageni watakula, watakunywa chai, wataenda nyumbani wazima. Kuchekwa nimezoea, shemeji. Kuzika sitazoea."

Muthoni alilia. Majirani walinong'ona, wengine wakacheka waziwazi. Wambeti alikuwa na uchungu, lakini hakusogea.

Kesho yake kazi ilianza upya. Maji yale hayakumwagwa mtoni wala kwenye mboga, kwa maana kopa huua samaki na kuharibu udongo. Afisa wa afya aliwaelekeza, na gari la kunyonya maji machafu likayachukua. Oscar alisugua kuta tena. Kajuju aliangalia kama tundu la kunyonyea maji chini lina kifuniko imara, maana linaweza kuvuta nywele au mguu wa mtoto. Kisha akausukuma mlango wa uzio. Ulibaki wazi.

"Huu haufai," alisema. "Uwekwe springi ujifunge wenyewe, na komeo likae juu, mtoto asilifikie."

Maji mapya yalipojaa, waliwasha pampu yazunguke na kuchujwa. Kajuju aliyapima kwa vijiti vinavyobadili rangi. Alirekebisha kwanza kipimo cha ukali wa maji, yaani pH, kikawa kati ya saba nukta mbili na saba nukta nane. Halafu ikaja zamu ya klorini.

"Soma maandishi ya mkebe kwanza," alimwambia Wambeti. "Vaa glavu. Dawa ndiyo inatiwa kwenye maji, usimwagie dawa maji. Na usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Tia jioni, jua likitua, kisha usubiri. Mtu haingii mpaka kipimo cha klorini kisome kati ya moja na tatu."

"Na ufunguo wa stoo ya klorini?"

"Ukae pale pale ulipoweka ule wa mlango."

Wambeti alicheka, kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Siku kipimo kilipokubali, maji yalikuwa angavu, sakafu ikionekana hadi kona ya mwisho. Wambeti aliketi ukingoni, simu ameizima, macho kwa watoto tu. Kajuju alikuwa ndani ya maji, mkono wake chini ya mgongo wa Muthoni. Polepole akautoa. Muthoni akaelea. Wambeti alimtazama binti yake, akamkumbuka Nelius, machozi yakamtoka asiyafiche.

Mlango ulilia. Njeru alikuwa amesimama pale, taulo begani, bila trekta.

"Siku ile ya Nelius," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nilikuwa pale ukingoni. Nilishika tawi tu. Sikujua kuogelea." Akavua viatu. "Mtu mzee kama mimi anaweza kufundishwa?"

Wambeti alisogea, akampa nafasi ukingoni.

"Anaweza, shemeji. Ingia, uache mlango ujifunge."