Ujumbe Nilioufuta

Mimi ni fundi viatu. Mke wangu hufuma mashali ya watoto wachanga. Meza yangu iko mlangoni, kiti chake kiko dirishani, na kutwa tunataniana. Husema nashona viatu vya watu huku vyangu vimeachama. Ni kweli, wala sibishi.

Mashali yake huyauza mtandaoni. Hupiga picha na kuzituma, mteja akikubali hulipa, kisha shali hupelekwa na gari la mizigo.

Asubuhi moja nilimwona ameacha kufuma. Sindano zilikuwa mapajani, machozi yanamtoka. Mteja mmoja alikuwa amepokea shali lenye madoa ya kutu. Alituma ujumbe, na kabla hajajibiwa akaweka picha hadharani. Aliandika kwamba mke wangu ni tapeli, watu wamwepuke.

Mke wangu hajawahi kuchukua hata uzi wa mtu. Damu ilinichemka. Nilichukua simu yake nikamporomoshea mteja matusi. Kisha nikafuta mazungumzo yote na kumzuia asitupate tena.

"Yamekwisha," nilimwambia mke wangu.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mteja aliyaanika matusi yangu pia. Watu wawili walioagiza mashali wakaghairi. Mke wangu akafunga nyuzi zake kapuni, akasema hafumi tena, maana jina lake limeshaharibika. Niliumia sana.

Jirani yetu ni msaidizi wa kisheria. Tunamwita Mama Miwani. Alipokuja kuchukua kiatu chake nilimsimulia yote, nikitarajia anisifu.

"Shemeji," alisema taratibu, "umefuta ushahidi wenu. Na matusi yako sasa ni ushahidi wake."

Nilinywea.

Akatueleza kwamba mteja ana haki ya kupata kitu alichoahidiwa. Muuzaji naye ana haki ya kusikilizwa, na jina lake lisichafuliwe kwa uongo. Kwanza muuzaji azungumze na mteja kwa adabu, kwa maandishi, na atunze kila ujumbe. Wasipoelewana, apeleke malalamiko kwa wenye mtandao anaouzia, au wote wawili watafute msuluhishi. Hata hapo ikishindikana, ofisi ya msaada wa kisheria itamwelekeza namna ya kufungua madai mahakamani.

"Lakini tuanze na ukweli," alisema. "Shali lilitoka hapa likiwa safi?"

Mke wangu aliinuka, akaleta stakabadhi ya ofisi ya mizigo. Ilisema mzigo umepokelewa mkavu na mzima. Kisha akafungua picha kwenye simu. Shali lilikuwa jeupe, limekunjwa vizuri, tayari kufungwa. Kumbe kila mzigo huupiga picha, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa sijui.

Nilimfungulia mteja njia tena. Niliomba radhi kwa matusi yangu, nikasema mke wangu hakuhusika nayo. Tulituma picha na stakabadhi, tukamwomba picha ya karatasi iliyofungiwa shali. Jioni akaituma. Karatasi ilikuwa imelowa na kuchanika, na alama ya chuma chenye kutu ilionekana wazi.

Basi mteja hakuwa mwongo, wala sisi hatukuwa matapeli. Tuliandika malalamiko ya pamoja kwa ofisi ya mizigo. Mwanzoni walituzungusha. Walipoona stakabadhi yao wenyewe, na barua yetu ikisema hatua inayofuata ni mahakama, wakakubali kulipa fidia. Mke wangu akatoa nyuzi kapuni, akafuma shali jingine.

Wiki mbili baadaye mteja aliweka picha mpya palepale alipotuchafua. Mtoto amelala, amefunikwa shali jeupe. Mke wangu alinisomea maneno yake: "Nilimwita tapeli bila kumsikiliza. Mama huyu ni mwaminifu. Nisamehe, mama."

Nikamwomba anisomee tena. Akasoma huku machozi yakimtoka, nami nikaacha nyundo nikayafuta.

"Machozi futa," aliniambia huku akicheka. "Simu yangu usiiguse."