Kinyozi na Osiloskopu ya Mtumba

Mtaani walimwita Injinia, ingawa kazi yake ilikuwa kinyozi. Mchana alinyoa vichwa. Jioni, akishafagia nywele, alifungua redio na amplifaya mbovu za watu na kuzichokoa. Hakutaka malipo. Alipenda sauti safi, na alipenda kuitwa Injinia.

Kwa muda mrefu alitamani osiloskopu. Hiyo ni mashine yenye kioo inayochora umeme unavyopanda na kushuka. Ndani ya amplifaya, sauti husafiri kama umeme unaocheza. Ukiuona mchezo huo kwenye kioo, unajua sauti imeharibikia wapi. Osiloskopu mpya ilikuwa haishikiki kwa bei, kwa hiyo akaenda kwa muuza vifaa vya mtumba.

Muuzaji akawasha moja kubwa. Mstari wa kijani ukatokea kwenye kioo, umenyooka vizuri.

"Hii ni ya megahezi mia mbili, inapima hata mawimbi ya kasi sana," akasema. "Ile ndogo ni ya ishirini tu. Sijazijaribu zote mbili. Utazijaribu mwenyewe?"

Mteja mmoja wa saluni alikuwa pale akitafuta chaja. Akacheka. "Huyo ni Injinia bwana, utamfundisha nini?"

Ukweli ni kwamba Injinia hakujua pa kuanzia. Lakini angeulizaje mbele ya mtu anayemnyoa kila wiki?

"Hizi nazijua," akasema. "Nifungie hiyo kubwa."

Siku chache baadaye, mama mkwe wake alifika na amplifaya ya marehemu mumewe. Nyumbani alikuwa ameiunganisha na redio, na kila siku alisikilizia habari na nyimbo za zamani. Ndiyo iliyomchangamshia nyumba.

"Baba, inakoroma," akasema. "Nitazamie."

Injinia akagusisha waya wa kupimia hapa na pale. Mstari ukabaki umenyooka. Akagusa tena, mstari vilevile. Akakunja uso kama daktari.

"Mama, transista zote zimeungua. Hii imekufa. Bora utafute nyingine."

Mama mkwe akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, kisha akaufunga. "Haya baba. Wewe ndiye unayejua."

Akairudisha nyumbani kwake, mtaa wa pili. Akaifunika kitambaa, akaweka jagi la maji juu yake. Kuanzia siku hiyo nyumba yake ikawa kimya.

Jumapili moja, jirani yao alikuja kuiona hiyo mashine iliyokuwa gumzo la saluni. Alikuwa fundi mitambo katika kituo cha redio, mwanamke mcheshi asiyejua kunong'ona. Watu walimwita Dada Mitambo. Injinia akamsimulia kwa madaha jinsi alivyoipima amplifaya ya mkwewe. Mkewe alikuwa ameketi karibu, anakunja nguo.

"Ngoja kwanza," Dada Mitambo akasema. "Ilikuwa inakoroma?"

"Ilikuwa inakoroma sana."

"Na mstari ukabaki umenyooka?"

"Umenyooka kabisa."

"Sasa jirani yangu, maiti inakoromaje?"

Mkewe aliacha kukunja nguo.

Dada Mitambo akauchukua waya wa kupimia. Akauweka kwenye kijichuma kidogo mbele ya mashine. "Karibu kila osiloskopu inacho hiki. Kinatoa umeme wa kujaribia. Ukikigusa, kioo kichore mawimbi ya mraba, kama masanduku yaliyopangwa. Unaona masanduku?"

Hapakuwa na masanduku. Alibadilisha waya, akazungusha kila kitufe, akajaribu chaneli ya pili, yaani tundu la pili la kupimia. Mstari haukutikisika.

"Mstari peke yake unaonyesha kwamba kioo kinawaka, basi. Kupima, haipimi. Maiti ni hii hapa, jirani."

Aibu ilimpanda Injinia mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuumia sana kwa ajili ya mashine. Akilini alimwona mama mkwe akibeba amplifaya ya mumewe, akirudi nayo nyumbani kama aliyefiwa mara ya pili.

Baada ya hapo aliikwepa njia ya mtaa wa pili. Akienda saluni alizunguka nyuma ya shule, jua la asubuhi likimchoma. Mkewe akachoka.

"Utazunguka mpaka lini? Mama yangu hali watu."

"Nitamtazamaje usoni?"

"Kwa macho hayohayo uliyomtazama nayo ukimdanganya. Lakini anza dukani, upate mashine inayopima."

Akaenda dukani na ile mashine kubwa, Dada Mitambo pembeni yake. Duka lilikuwa limejaa watu. Muuzaji akaitambua mashine. "Si nilikuuliza kama utaijaribu?"

Injinia akaiweka mashine mezani. "Uliniuliza. Nilikudanganya kwamba najua. Sijui kuijaribu. Leo nimekuja kujifunza."

Alingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Muuzaji alivuta kiti tu. "Ungesema siku ile, tungeijaribu pamoja. Hiyo nitaichukua kwa bei ya vipuri."

Dada Mitambo akawasha ile ndogo. "Iache ipate moto kwanza. Nyingine hukaa sawa dakika za mwanzo, kisha mstari unaanza kutangatanga." Wakangoja. Mstari ulikuwa mwembamba na umetulia. "Sasa gusa kile kijichuma."

Injinia akagusa. Masanduku yakajipanga kiooni. Akajaribu chaneli ya pili, masanduku tena. Akazungusha vitufe kimoja kimoja. Kimoja kilifanya mstari urukeruke.

"Hicho kina vumbi, kitasafishika," Dada Mitambo akasema. "Kisichobadilisha kitu kabisa ndicho cha kukimbia."

"Na hizi megahezi ishirini hazitakuwa chache?"

"Kwa sauti? Sikio la mtu haliisikii hata megahezi moja. Ishirini zinatosha na kubaki. Ulinunua namba kubwa bure. Bora chaneli mbili nzima, uone sauti inayoingia na inayotoka kwa pamoja. Na waya zake za kupimia ziwepo, zisiwe zimekatika." Kisha akaacha mzaha. "Jambo moja usilisahau. Klipu ya waya huu, hiki kibanio, imeungana na ardhi kupitia plagi. Usiibane kamwe kwenye umeme wa ukutani. Na kapasita, vile vikopo vinavyotunza umeme, hubaki na umeme hata ukishachomoa plagi. Iondolewe umeme kwanza, mbele yangu, mpaka utakapozoea."

Injinia akainunua ile ndogo, na jioni hiyohiyo alipita njia ya mtaa wa pili. Mama mkwe alimkaribisha kiti. Hakukaa.

"Mama, nilikwambia amplifaya imekufa. Nilikosea. Iliyokufa ni mashine yangu. Sikuijua, na niliona aibu kuuliza. Naomba unisamehe, na naomba niitazame upya."

Mama mkwe akaondoa jagi taratibu, akakunja kitambaa.

"Nilijua haijafa," akasema. "Si nilikuwa naisikia ikikoroma? Lakini mimi nani nimbishie injinia?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama angefokewa. Aliinamisha kichwa, akaibeba amplifaya.

Kesho yake, Dada Mitambo akiwa kando, aliipima. Kwenye chaneli ya kwanza sauti iliingia laini. Kwenye ya pili ilitoka na makunyanzi. Wakayafuata makunyanzi hadi kwenye kapasita moja iliyovimba, ile ya kutuliza umeme. Wakaibadilisha. Mkoromo ukaisha.

Injinia akairudisha mwenyewe, akaunganisha redio. Wimbo wa zamani ukajaa chumbani. Mama mkwe akafumba macho, akasikiliza.

"Imekuwa nzuri," akasema mwishoni, kisha akasita.

"Sema, mama. Masikio yako yanaijua kuliko mimi."

"Spika ya kushoto, sauti yake iko chini kidogo."

Injinia akapiga magoti mbele ya amplifaya. "Niambie ikifika," akasema, akaanza kuzungusha kitufe polepole.